Aileen Wuornos: mtoto wa msituni na wanaume saba wa Florida

Jina la Aileen Wuornos likitajwa, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaomwona mnyama aliyewinda wanaume kwenye barabara kuu za jimbo la Florida, Marekani. Wapo wanaomwona mtoto aliyetupwa, akalipiza alipokua. Kwangu, pande zote mbili zina haraka mno.

Alizaliwa Michigan mwaka 1956. Baba yake hakuwahi kumwona. Alifungwa kwa makosa ya ngono dhidi ya mtoto, akajinyonga gerezani mwaka 1969. Mama aliondoka Aileen akiwa hajatimiza miaka minne, akamwacha yeye na kaka yake kwa babu na bibi. Babu huyo, kwa maelezo ya Aileen mwenyewe, alimpiga na kumnajisi. Akashika mimba akiwa na miaka 14, na mtoto akapewa watu wengine wamlee. Alipofika miaka 15 babu alimfukuza, naye akawa analala msituni, karibu kabisa na nyumba aliyofukuzwa, akiuza mwili wake ili aishi. Karibu kabisa na nyumba! Sielewi watu wazima waliokuwa jirani walikuwa wakitazama wapi.

Wapo watakaojibu kwamba watoto wengi huteswa na hawaui. Ni kweli. Ila jibu hilo linaonyesha tu kwamba mateso peke yake hayatoshi kumfanya mtu muuaji. Halionyeshi kwamba hayakuchangia.

Tangu alipofukuzwa hadi kifo cha kwanza ilipita miaka 18 hivi. Kati ya Novemba 1989 na Novemba 1990 aliwaua wanaume saba, na mali zao akazichukua. Mwili wa mmoja haukupatikana kamwe. Mwingine, aliyepigwa risasi Septemba 1990, aliwahi kuwa mkuu wa polisi na pia mchunguzi wa kesi za watoto wanaonyanyaswa. Hapo huwa nakwama kila nikiisoma kesi hii. Kazi ya mtu yule ilikuwa kubisha hodi kwenye nyumba za namna ile ile aliyokulia Aileen. Ukienda kwa familia yake ukawaambia muuaji alikuwa na utoto mgumu, umewaambia nini?

Mahakamani alijitetea kwamba mwanamume wa kwanza aliyemuua, mteja wake, alimbaka, naye akaua kwa kujihami. Raia 12 walioamua kesi waliruhusiwa kusikia habari za wanaume wengine waliouawa, lakini hawakuambiwa kwamba yule wa kwanza aliwahi kutiwa hatiani Maryland kwa jaribio la kubaka. Jambo hilo lilikuja kutangazwa baada ya hukumu ya Januari 1992. Kwa jumla alihukumiwa kifo mara sita. Mwaka 2001 alikana hoja ya kujihami, akaomba rufaa zake zikome. Wengi huishika kauli hiyo kama ushahidi wa mwisho, lakini mimi nasita kuitegemea, maana aliitoa akiwa amekaa miaka mingi akisubiri kufa.

Kwa vifo vilivyofuata sioni utetezi wake, na utoto wake hauvipunguzi uzito. Kifo cha kwanza ni tofauti, kilistahili kusikilizwa upya na watu wanaojua yote. Kifungo cha maisha kingewalinda watu dhidi yake na bado kikaacha nafasi hiyo. Tarehe 9 Oktoba 2002, Florida ilimuua kwa sindano ya sumu.