Kwa Taipisi, kwa upendo mwingi

Haya, kwa kuwa shoga yangu kashaachia klipu yangu nimesimama juu ya kiti na mabawa ya popo tamashani Nairobi, na mnatupiana tangu juzi usiku, na yeye kwa roho yake ilivyo kaanzia kwenye mabawa akakatisha kwenye kelele, acheni mwenye aibu yake aieleze mwenyewe. Hapana, sikuwa nimepandwa. Hapana, sio sarakasi. Na wewe uliyeandika "huyu mama popo kalipwa na upande wa pili auharibu mchezo", nimekuona, salamu zimefika.

Wenyeji mnajua kitabu kipya ni cha Mapango ya Amboni. Mtoto yeyote wa Tanga kakua anaambiwa mle ndani kuna njia inatokea Mombasa, wengine watakwambia Kilimanjaro, eti mbwa aliingizwa huku akaonekana kule. Mimi nikajiuliza, sasa hapo katikati kuna nani? Nikamweka malkia wa popo na ufalme wake, hata Osale Otango nimemtia humo, yule aliyewasumbua askari wa mkoloni miaka ya 1950 akijificha mle mle. Kitabu kizuri jamani, nakisema kwa sababu nyie hamkisemi.

Sasa fantasia ya Kiswahili ukiipeleka dukani inawekwa kati ya vitabu vya dini na vya kidato cha pili, haonekani mtu. Ndio nikaambiwa nenda Nairobi, kuna tamasha la wapenda komiki, katuni za Kijapani na magemu, vijana wanavaa mavazi ya wahusika, hao ndio watu wako. Nikalipia meza. Meza ya bei ya chini, ambayo nilikuja kuelewa ile bei baadaye, iko kwenye pembe, nyuma ya nguzo, mgongo umeegemea eneo la mashindano ya magemu.

Safari naifupisha. Mpakani Horohoro afisa kafungua boksi akauliza vya nini, nikasema hadithi, akasoma nyuma ya jalada, akauliza "majini?" nikasema majini, akanirudishia kitabu kwa vidole viwili na kunitakia safari njema bila kunitazama. Tukavuka Likoni, tukaenda kupanda treni. Stesheni mnajua wanapanga mabegi chini mbwa anapita kunusa, basi yule mbwa kafika kwenye begi la mabawa yangu akasimama. Akanusa, akanitazama, akanusa tena. Ningejua ningerudi Tanga palepale.

Mabawa: miavuli miwili myeusi iliyokufa, nimeishonea kwenye mgongo wa buibui la zamani. Ile ya kubonyeza. Ukibonyeza, pwaa, bawa limefunguka. Mkono wake wa kupinda nikauacha ili niwe na pa kushikia. Ukumbukeni huo mkono wa kupinda.

Asubuhi yote nimekaa pale kama muuza vitumbua mchana wa Ramadhani. Wanapita wenye majoho meusi ya mawingu mekundu, wanapita wenye wigi za pinki na mapanga ya mbao, kapita jamaa kavaa roboti la maboksi mpaka kichwani na mwenzake anamwongoza asigonge watu. Wananisalimia vizuri tu, "sasa aunty", wanapiga picha na mabawa, wanaondoka. Mmoja kauliza fantasia ya Kiswahili ipo kweli, nikapata nguvu, nikamwambia Shaaban Robert, wa Tanga huko huko, katuwekea nchi nzima inaelea angani kwenye Kusadikika tangu 1951, yule kijana akasema "okei poa", akaweka soda yake juu ya vitabu vyangu afunge kamba ya kiatu.

Shoga yangu alikuwa kakaa chini pembeni ya meza, nyuma ya kitambaa, eti ndio mhasibu. Mchana nikamwambia nakwenda kuswali, angalia meza. Na nikamwambia, walahi kwa mdomo wangu, "tafuta namna tupate hata nauli ya kurudia." Naliweka wazi hilo kwa sababu yeye kila akiulizwa ndio utetezi wake.

Narudi, nakuta watu wamesimama mbele ya meza yangu. Wamepangana. Kwenye meza, karibu na kalamu, kuna kibakuli cha vikaratasi vidogo vimeandikwa namba namba. Nikasema shoga huyu ana akili, kanikatia vya kuwekea alama kwenye kurasa.

Wa kwanza kijana mrefu, joho la mawingu. Akainama kwa shoga yangu, wakanong'ona, akaitoa simu, shoga akaitazama akaitikia kwa kichwa. Mimi nimeshajua, mtu kalipa M-Pesa anaonyesha meseji. Nikafungua kitabu, nikashika kalamu, nikauliza kwa ile sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni, "Niandike jina gani?"

Akasema, "Taipisi."

Sasa mtanicheka, lakini mle ndani tangu asubuhi nimesalimiana na watu wana majina ya mashetani wa Kijapani ambayo hata mama zao hawayajui. Taipisi ni nini? Nikaandika: "Kwa Taipisi, kwa upendo mwingi. Usiogope giza la pango." Sahihi, tarehe, nikamchorea na kapopo. Nikachomeka kikaratasi kimoja kwenye ukurasa wa kwanza wa sura, nikampa.

Kijana kakigeuza geuza kitabu, kaona kile kikaratasi, akauliza, "Nikirudi nakuja na hii?"

"Njoo nacho, tutaongea."

"Saa ngapi?"

"Wewe na kasi yako tu, mwanangu."

Akafikiri. "Yangu inachukua saa moja na nusu hivi."

Nikamwambia, "Wengine wanachukua wiki nzima, usijali." Nikaona uso umembadilika, nikadhani ni ile heshima ya msomaji kwa mwandishi.

Wa pili binti wa wigi ya pinki. Jina? "Maikro." Nikasikia Maiko, nikashangaa kidogo binti kuitwa Maiko, nikaandika. Wa tatu Taipisi. Nikamuuliza, "na wewe pia?" Akajibu, "wengi hapa ni Taipisi." Ahaa. Kundi. Mashabiki wana makundi yao, nimesoma mtandaoni. Basi wa nne Taipisi, wa tano Taipisi, nawaandikia kila mmoja na kapopo kake, mkono unauma, utamu wake sikwambii. Kuna mmoja kasema Aifoni. Hapo nikasita. Halafu nikasema Nairobi hii, wazazi wana uhuru wao.

Kaja mama mmoja na mtoto kavaa mkia wa paka, uso una wasiwasi, akaniuliza taratibu, "Aunty, lakini nitaikuta salama?" Jamani mimi nilikuwa tayari niko kwenye hisia. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, ikishaingia haitoki tena." Yule mama kavuta mkono wake, akaenda kumwangalia shoga yangu kule chini kwa muda mrefu sana.

Ishara zilikuwepo, nani kasema hazikuwepo. Ila niambieni nyie, umeandika kitabu usiku na mchana, ndugu zako wanakuuliza lini utaandika cha maana, halafu foleni inaizunguka nguzo inaelekea mlangoni, ungeanza kuulizia ishara?

Nikaanza kulia. Machozi kweli, wanja wa malkia unashuka. Nikaona haitoshi kusaini, hawa watu wamesimama kwa ajili yangu, wanastahili kitu. Nikapanda kwenye kiti.

Hapa ndio klipu inaanza, kwa hiyo mnaoijua subirini wenzenu.

Niko juu ya kiti, kitabu mkono wa kushoto. Kule nyuma yangu fainali ya gemu ya kupigana inaendelea, skrini kubwa mbili, watu wamejaa wanashangilia, MC anatangaza. Nikapaza sauti kuwashinda. Nikasoma ile sehemu malkia wa popo anaingia ukumbini kuwakuta wanadamu na mienge yao. Foleni nzima ikaninyanyulia macho. Kimya. Nikasema hawa ndio wasomaji sasa, sio nyie mnaoomba PDF.

Maneno yenyewe ya malkia, yako kitabuni, mnaweza kuhakiki: "Leo katika ufalme wangu, taa zote na zizimike!"

Nikabonyeza bawa la kulia. Pwaa. Likafunguka vizuri, likampiga kidogo muuza mapanga wa jirani, sio sana. Nikabonyeza la kushoto. Halikufunguka. Nikabonyeza tena. Nikacheka kile kicheko cha mtu anayetaka ionekane amepanga. Nikapeleka mkono nyuma nikaupata ule mkono wa mwavuli, wa kupinda, nikauvuta. Ukakaza. Nikauvuta kwa nguvu zaidi, nikahisi kitu kule nyuma kinavutika pamoja nami, kirefu, kizito, nikajua ni uzi wangu wa mshono. Kumbe kile kipindo kimeukamata waya. Waya gani? Waya wa ekstensheni ambayo shoga yangu kaomba kwa vijana wa magemu, kaupitisha juu ya kile chuma cha bango langu, nyuma ya kiti changu, kaushusha chini ya meza.

Mimi sijui. Mimi nimekanyaga kiti, nimekunja uso, nimevuta kwa nguvu za malkia.

Kitu kikakubali. Bawa la kushoto likafunguka pwaa, na sekunde hiyo hiyo skrini mbili zikazima, spika zikakata, taa za rangi za jukwaa la magemu zikafa, MC mdomo unaenda sauti haitoki.

Kwa kitambo kidogo, naapa, kuna watu walianza kupiga makofi. Walidhani ndio onyesho. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainama kuwashukuru.

Halafu ikaja ile kelele. Mmeisikia, siielezi. Kijana mmoja wa fainali alikuwa kabakiza pigo moja ashinde, alikuwa kashika rimoti hewani anaitazama skrini nyeusi, mdomo wazi, sijawahi kuona mtu mzima anataka kulia bila kutoa sauti namna ile.

Na katikati ya kelele, karibu kabisa na goti langu, sauti ya Taipisi, Taipisi wa kwanza: "Aunty! Na yangu ilikuwa imefika tu asilimia kumi na moja!"

Kaninyanyulia kitabu. Wa nyuma yake naye kanyanyua. Foleni nzima, vitabu juu, wananionyesha vile vikaratasi. "Namba yangu ni hii aunty." "Yangu ni ile ya kava ya bluu." "Rudisha stima basi!"

Nikainama kutoka juu ya kiti, na mabawa yangu yote mawili wazi, nikachungulia mbele ya meza, ule upande ambao mimi niliyekaa nyuma siuoni. Chini ya picha yangu, kipande cha boksi la vitabu vyangu mwenyewe, mwandiko wa shoga yangu naujua tangu darasa la tatu: CHAJI SIMU HAPA 50. NAMBA CHUKUA KWA ANTI. Kumbe Taipisi, Maikro na Aifoni ni aina za chaja.

Nikafunua kitambaa. Kakaa pale kazungukwa na simu za watu, anakula chipsi. Akaniuliza, "Mbona umezima?"

Yaliyofuata ni haraka haraka. Walikuja vijana wenye vifaa vya masikioni, wapole sana, wakatusaidia kukunja meza tusiombe. Fainali ikarudiwa mwanzo, na yule aliyebakiza pigo moja akashindwa, kwa hiyo Nairobi siendi karibuni. Simu zote zilirudi kwa wenyewe, mfumo wa namba ulifanya kazi vizuri ajabu, na vitabu vyote vikarudi kwangu, mmoja mmoja, na ahsante aunty juu yake. Hela ya chaji ilitosha treni mpaka Mombasa na ikabaki ya basi. Shoga anadai nusu. Nilipomuuliza mbona aliniona nagawa vitabu na hakusema kitu, akasema alidhani ni promosheni.

Kwa hiyo mjue dukani kuna nini. Nina nakala zimesainiwa, hazijasomwa, zina kapopo, na nyingine zina alama ya soda. Kwa Taipisi zipo nyingi mno, mwenye mtoto anayetarajiwa afikirie hilo jina. Kwa Maiko zipo chache. Ya Aifoni imeondoka: yule binti alitukuta nje tunafunga maboksi, akasema wakati anangoja simu alisoma mpaka pale mbwa anapoingia pangoni, akalipa elfu nzima, nikamuuliza jina lake halisi nimrekebishie, akasema niache hivyo hivyo.

Wengine mnaotaka, inbox iko wazi, Tanga mjini napeleka mwenyewe. Hela mnitumie mimi, sio shoga yangu, hata akiwaambia ana namba.