Jua Limesaini, Limetoka

Jua la Hamburg mwezi wa Novemba lina ajira ya kudumu. Sioni maelezo mengine. Linaripoti saa mbili asubuhi kwa kujivuta, linasaini kitabu, linatundika koti kwenye kiti ili bosi akipita ajue lipo, kisha linatokea mlango wa nyuma. Saa kumi na dakika zake jioni, saa ambayo kwetu Tandika, Dar, watu bado wanagombea kivuli cha mwembe, huku giza limeshakabidhiwa ofisi.

Mimi mtu wa swala ndiyo nateseka zaidi. Adhuhuri inaingia saa sita na kitu, alasiri saa nane haijatimia, magharibi saa kumi. Unakunja mswala, unafika jikoni, hujashika hata kikombe, simu inaadhini tena. Nikamlalamikia mdogo wangu, huyu aliyeolewa huku, akanijibu, "Kaka, subiri uone Desemba." Hilo nalo ni jibu la kumpa mgeni?

Na msidhani ni mbingu peke yake yenye makosa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi nzima inarudisha saa nyuma kwa saa moja, kila mwaka, watu wazima na akili zao. Wameichukua saa moja ya mwanga wa jioni, wakati mtu anaihitaji, wakaihamishia asubuhi, wakati kila mtu yuko ndani anatafuta soksi.

Giza ningelistahimili kama ningepata mtu mmoja tu wa kulalamika naye. Hapo ndipo kidonda kilipo. Dar mvua za vuli zikishuka, daladala ikakwama Jangwani, konda hajafunga mlango vizuri kikao kimeshaanza. Mmoja anafungua na mitaro, mwingine anadakia na mkandarasi, mama wa kiti cha nyuma anaingiza mkwe wake ambaye hahusiki na maji hata kidogo, na mpaka mnafika Magomeni mmelowa lakini roho nyeupe. Huku mvua hata kunyesha hainyeshi. Inaning'inia. Ukifungua mwavuli inakuja kwa ubavu, ukiinamisha mwavuli ubavuni upepo wa mto Elbe unaupindua na kukuachia vyuma mkononi. Na watu wanapita kimya, nyuso zinachuruzika maji, kama... basi, niache mifano. Wanapita kimya.

Nikajaribu kwa shemeji. Shemeji ni Mjerumani wa hapa hapa, mtu mwema, hana neno. Nikamwambia, "Shemeji, hali ya hewa leo mbaya." Nilikuwa namfungulia mlango aingie, aseme lake, tupeane pole. Akanijibu kwa ule msemo wao wanaolishwa tangu chekechea: hakuna hali ya hewa mbaya, kuna nguo mbaya tu. Kisha akalitazama koti langu.

Koti langu! Koti hili nimelinunua Ilala, mitumba ya Karume, siku bela linafunguliwa, nimelipigania na jamaa mmoja mwenye mikono mirefu. Nimelileta mpaka huku, mdogo wangu anasoma lebo ya ndani, anacheka mpaka anakaa chini. Limeshonewa duka la Ujerumani. Yaani lilivaliwa huku, likachokwa, likapakiwa meli, likavuka bahari mbili, likauzwa Karume, na mimi nimelipandisha ndege kulirudisha kwao. Koti limekwenda kusalimia wazazi kwa nauli yangu. Halafu mtu wa kwao analitazama vibaya.

Sasa ngoja niwaambie jambo la madirisha, maana hili nisipolisema nitaugua. Nyumba za huku zina vyuma vya moto ukutani, vinapasha chumba, na huo moto unalipiwa. Mdogo wangu akilitaja bili lake anashusha sauti. Sawa. Unakaa, mwili unaanza kulegea, vidole vya miguu vinarudi mmoja mmoja kutoka safari. Ghafla shemeji anainuka na kufungua madirisha yote. Yote! Nje nyuzi tatu, ndani sisi. Anasema lazima hewa ibadilishwe, asubuhi na jioni, la sivyo kuta zitaota ukungu, na eti mikataba mingine ya kupanga nyumba inaliandika kabisa hilo. Tunakaa hivyo dakika kadhaa, moto umelipiwa unakwenda zake kuwapasha njiwa, mimi nimejifunika mpaka pua kwa blanketi la mtoto lenye picha za vifaru. Kisha anafunga, anavuta pumzi ndefu, anatabasamu. Hewa safi, anasema. Nimekulia jirani na mwembe, hewa safi naifahamu, haijawahi kunichoma meno.

Mtoto wao ana miaka saba na ananiaibisha barabarani. Saa tatu usiku, mvua ile ile, hakuna gari wala dalili ya gari, unaweza kutandika mkeka katikati ya lami ukalala. Taa ya watembea kwa miguu ni nyekundu. Nikanyanyua mguu. "Mjomba! Nyekundu!" Wote waliosimama pale wakageuka. Kumbe kuna sehemu wanaweka hadi vibao, mtu mzima avuke kwa kijani tu, awe mfano kwa watoto. Mimi niliyevuka Kariakoo kati ya bodaboda, mkokoteni na lori linalorudi nyuma, nimesimama nasubiri ruhusa ya taa kuvuka barabara tupu.

Chupa nazo usitupe. Ya plastiki ni senti 25 za yuro, unairudisha dukani kwenye mashine unalipwa, na mashine ikiona umeibonyeza kidogo inaitema. Hili kwa kweli nimelipenda, nimeshapata ya kunywea kahawa. Ila maji yenyewe yana gesi, unakata kiu huku unabeua.

Salamu sizungumzii. "Moin" asubuhi, "moin" usiku, basi, yamekwisha. Hujaulizwa nyumbani, hujaulizwa watoto, hujaulizwa hata hiyo safari ilikuwaje.

Siku niliyopumua ilikuwa Jumapili. Tunaambiwa Dar es Salaam na Hamburg ni miji ndugu tangu 2010, na mimi nilikuwa natafuta huo undugu uko sehemu gani ya mwili. Shemeji akanipeleka Fischmarkt, soko la samaki kando ya mto, limekuwepo tangu 1703. Majira haya linafunguliwa saa moja asubuhi, giza totoro, kwa taa. Jamani, kelele! Mwanamume kasimama juu ya gari lake anauza mikunga ya moshi, sauti imepasuka, anatupia samaki kwenye mfuko, anaongeza mwingine, anawatukana wateja na wateja wanacheka, anaongeza wa tatu kwa bei ile ile. Wa matunda anauza kapu zima na nanasi juu. Muziki unapigwa ndani ya ukumbi wa mnada wa zamani, wazee wanacheza na bia mkononi alfajiri ile. Nilifumba macho nikawa Feri, soko letu la samaki Dar, nimekosa tu harufu ya pweza wa kuchemsha. Nikamwambia shemeji huu ndio undugu, hapa tumekutana damu.

Saa tatu na nusu soko likafungwa. Vifaa vikapakiwa, maji ya kuoshea yakamwagwa, kimya. Na kwa kuwa ni Jumapili, maduka nayo yote yamefungwa kisheria, ukiacha waoka mikate na vibanda vya stesheni. Kutoboa ukuta huruhusiwi, kutupa chupa za kioo kwenye pipa huruhusiwi kwa sababu zinagonga. Mji wa watu zaidi ya milioni moja na laki nane, nasikia mlio wa tumbo langu mwenyewe.

Mchana mdogo wangu akanipeleka makaburini, akidai ni matembezi. Makaburi ya Ohlsdorf ni hekta 389 na ndani yake linapita basi la abiria. Nasema ndani. Lina vituo na ratiba, kibibi kinashuka na maua yake, basi linaendelea. Kwetu ukimwambia konda akushushe makaburini anakuacha barabarani, mengine mmalizane na marehemu.

Tulikwenda kumwona Bibi Salme binti Said, yule wa Unguja, binti wa Sultani. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar, uliofuata akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Hamburg, akaletwa huku, akawa anaitwa Emily. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu ya farasi, akabaki na watoto watatu wadogo, mbali na bahari yake. Amefariki 1924, amelala hapa, pembeni ya wakwe. Watu wanabishana sana juu ya yule bibi, alikosea, hakukosea. Mimi nilimfikiria akiamka siku ya Novemba yake ya kwanza na kufungua pazia. Nikamwambia, pole, bibi. Nikamweleza ya jua, ya madirisha, ya koti, nikalalamika mpaka mdogo wangu akaanza kutazama ratiba ya basi. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, unaongea na nani?" Nikamjibu, na mtu wa nyumbani. Tatizo, hakunijibu.

Basi, juzi tukawa stesheni tunasubiri treni ya mji wa jirani. Ubao ukaandika imechelewa dakika 10. Watu wakanyanyua vichwa. Ukaandika 25. Kijana akavua vile vya masikioni. Ukaandika 40, na wallahi sijawahi kuona muujiza ule: jukwaa zima likafumbuka midomo! Watu ambao wiki nzima hawakunitazama usoni wanageukiana, wanarusha mikono, wanacheka cheko la uchungu. Mama mmoja mwenye kibegi cha magurudumu akanigeukia mimi, mimi hapa, akaanza kushusha. Kijerumani sijui. Mdogo wangu akataka kunitafsiria, nikamzuia kwa mkono. Malalamiko ninayafahamu yakiwa hata na barakoa. Yeye akavuta pumzi, nikaingia na Kiswahili changu: "Mama, wee acha tu! Mimi Jangwani nimekaa mpaka maji yakafika kwenye siti!" Akatikisa kichwa. Akaongeza lake, nikapokea. Nikahamia kodi ya pango, nikateremkia bei ya nyanya, na mama anaguna pale pale panapostahili kugunwa.

Treni ikaingia. Nikamwambia mdogo wangu sisi tutapanda inayofuata.