Hitler Angeshinda, Nani Angemfanyia Kazi Tabora?

Riwaya za historia mbadala, yaani zile zinazougeuza mkondo wa tukio moja kubwa kisha zikauliza dunia ingekuwaje, zina swali moja zisilolichoka: ingekuwaje iwapo Ujerumani ya Hitler ingeshinda Vita Kuu ya Pili? Wapo wanaozibeza kuwa ni porojo. Mimi nazisoma kwa hamu, ila nina ugomvi nazo, na ugomvi huo unatokana na mahali ninapozisomea, ambapo ni hapa Tabora.

Nianze na kuzisifu. Anayesoma historia ya kweli ya Unazi anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba ulishindwa mwaka 1945 na baadhi ya wakubwa wake wakashtakiwa Nuremberg, na kujua huko kunampa kimbilio: waovu walikuwa wale, na mambo yao yamekwisha. Riwaya inayoufuta ushindi ule humnyang'anya kimbilio hilo. Katika Fatherland ya Robert Harris, iliyotoka 1992, tuko Berlin ya mwaka 1964, Hitler anakaribia kutimiza miaka 75, na mhusika mkuu ni mpelelezi wa polisi. Huyu si katili hata kidogo, lakini amekula mshahara wa dola ile kwa miaka mingi bila kufuatilia kwa dhati Wayahudi waliokuwa majirani walikwenda wapi. Siri anayoifukua haikubuniwa na mwandishi: tarehe 20 Januari 1942, maofisa 15 wa chama na serikali walikutana kweli Wannsee, kitongoji cha Berlin, kuratibu maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, na mwaliko, kumbukumbu na mgawanyo wa majukumu vyote vilifuata taratibu za ofisi.

Philip Roth alikwenda mbali zaidi katika The Plot Against America ya mwaka 2004, kwa sababu kwake hakuna jeshi linalovamia. Charles Lindbergh, rubani wa kweli aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927 na baadaye akapokea nishani ya utawala wa Hitler, anaupata urais wa Marekani mwaka 1940 kwa kura halali. Kisha unakuja mpango wa serikali wa kuwapeleka vijana wa Kiyahudi kukaa na familia za wakulima, na mpango huo unapata watetezi hadi ndani ya ukoo wa msimulizi: kaka yake anarudi kutoka Kentucky amenawiri na kufurahi, na mama yake mdogo anaupigia debe. Kwangu hapo ndipo utanzu huu unapofika kileleni. Bahati mbaya, mwishoni Lindbergh anatoweka, Roosevelt, rais aliyemtangulia, anarudi, na historia inaelekea tena kule tunakokujua; nahisi mwandishi aliuogopa mzigo alioupakia mwenyewe.

Sasa ugomvi wangu. Katika The Man in the High Castle ya Philip K. Dick, iliyotoka 1962, Afrika inapita kwa maneno machache tu: Wanazi wamewaangamiza watu wake, na wahusika walioko Marekani wanalikumbuka jambo hilo kwa kusisimkwa, kisha wanaendelea na biashara zao. Inawezekana Dick alikusudia kuwasuta kwa wepesi huo. Hata hivyo, sisi tunaingia katika hadithi tukiwa tayari ni marehemu, na marehemu haulizwi alifanya nini.

Kwa huku kwetu swali lenyewe halikuwa ndoto ya mtunzi. Mwaka 1934 chama cha Hitler kilianzisha ofisi ya siasa za makoloni chini ya Franz Ritter von Epp, mtu aliyewahi kupigana Namibia katika vita ambavyo Wajerumani waliwaangamiza Waherero. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizodaiwa zirudishwe. Walowezi wa Kijerumani nchini walikuwa na matawi ya chama hicho, mpaka Waingereza walipoanza kuwakamata na kuwaweka kizuizini vita vilipozuka Septemba 1939. Wakati huo Waethiopia walikuwa wamekwisha kumwagiwa gesi ya sumu na jeshi la Italia la Mussolini. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliandika mwaka 1950 kwamba kosa ambalo Ulaya haikumsamehe Hitler ni kuwatendea Wazungu yale yaliyokuwa yametengewa watu wa makoloni, na sijaona hoja iliyomjibu vya kutosha.

Niliwahi kuliweka swali hilo mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano wanaosoma historia. Wavulana waliingia msituni mara moja, kila mmoja na bunduki yake. Kisha msichana mmoja, akiwa bado anaandika daftarini, akauliza, "Sasa mwalimu, hao Wajerumani wangepikiwa na nani? Na kodi angewakusanyia nani?" Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Tulikuwa tumetoka kusoma habari za Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa Tabora, alipoona ngome yake inaangushwa akaiwasha baruti yake, na katika jeshi la Wajerumani lililomzingira wengi waliobeba bunduki walikuwa Waafrika. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji, baadaye wakaja Waingereza. Kodi iliendelea kudaiwa, na aliyekwenda kuidai nyumba kwa nyumba kwa kawaida hakuwa Mzungu.

Najua hapa nitaulizwa kama ni haki kumdai mtawaliwa hesabu moja na mtawala. Si haki, na simdai hivyo. Mwanafalsafa Karl Jaspers, akiwaandikia Wajerumani wenzake mwaka 1946, alitenganisha hatia ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili, na ile ya mtu kubaki hai huku mwenzake akiuawa. Naye Hannah Arendt, mwanafikra Myahudi aliyewakimbia Wanazi, alionya kwamba wakisemwa wote wana hatia, hakuna atakayekuwa nayo. Kwa hiyo mtu apimwe kwa nafasi aliyokuwa nayo. Karani ana nafasi finyu kuliko gavana, lakini anayo: anaweza kulichelewesha faili, kuliandika jina vibaya, kumtonya jirani usiku. Ufashisti huishi kwa ufinyu huo, maana hauhitaji kupendwa na kila mtu. Unahitaji orodha zikamilike kwa wakati.

Riwaya ninayoisubiri ingewekwa Tabora ya mwaka 1950 chini ya bendera ya Hitler, na mhusika wake angekuwa karani wa stesheni anayegonga mihuri kwenye vibali vya watu wanaopandishwa treni ya kwenda Kigoma, bila kuambiwa wanakopelekwa. Mtunzi atakayeianza asimfanye msaliti wa kuchekwa, wala asimfiche bastola chini ya kitanda. Ampe mshahara unaotosha, mke anayemheshimu, na watoto wawili ambao karo yao inalipwa na ofisi ileile.