Bagamoyo Tuifikie kwa Miguu

Basi la hija likiingia Bagamoyo, watu hushuka, husali mbele ya msalaba wa ufukweni, hupiga picha, hununua samaki, na jioni wamesharudi Dar. Nimekwenda hivyo mara nne. Mara ya tano tulitembea kutoka Kiwangwa, watu kumi na mmoja wa jumuiya yetu, tukalala njiani usiku mmoja. Basi silitaki tena.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Ilipofika 1877 wakafungua Mhonda, huko chini ya milima ya Nguru, na Wakristo waliokombolewa utumwani wakatoka Bagamoyo kwenda kuishi huko. Hapakuwa na gari. Imani hii iliingia bara kwa nyayo, mizigo kichwani. Na Februari 1874, Susi, Chuma na wenzao, watumishi na wapagazi wa mpelelezi Livingstone, waliufikisha Bagamoyo mwili wake, baada ya kuubeba miezi tisa tangu Chitambo, Zambia ya leo, umefungwa kwa gome la mti. Mnara wa misheni ulipolazwa mwili huo unaitwa kwa jina la marehemu. Mimi nikiupita nawakumbuka wapagazi.

Tulipofika Fukayosi, bibi mmoja mwenye ushungi alikuwa akitwanga kisamvu. Akausimamisha mchi.

"Poleni na safari, wanangu. Mna msiba?"

"Tumeshapoa, bibi. Tunakwenda kuhiji, msalabani Bagamoyo."

"Kwa miguu?" Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na kata. Tulikunywa kwa zamu, yeye akitutazama viatu. Tulipoaga akasema, "Mkifika niombeeni na mimi. Magoti haya, hata kusujudu siwezi tena."

Ndani ya basi ningempita nimesinzia.

Ndiyo maana nawaomba viongozi wa parokia: hija ya mwaka huu ipeni walau siku moja ya kutembea, hata kama ni kutoka Makofia tu. Wazee na wagonjwa wapande gari, na gari hilo hilo libebe maji, maana bonde la Ruvu halina kivuli. Vijijini tupige hodi, tununue mananasi yao, tusipite tunaimba kwa vipaza sauti kana kwamba hakuna mtu.

Tulifika msalabani saa kumi na moja jioni, maji yamekupwa. Nilikuwa na nia zangu tatu nimeziandika kwenye karatasi. Nilianza na magoti ya yule bibi.