Maskini ana friji na TV, sasa analalamika nini?

Rafiki yangu wa Tanga aliniuliza kwenye simu, eti hao wazungu wa Uingereza wanaoandamana nje ya mahoteli serikali inakowaweka wanaoomba hifadhi, kupinga wakimbizi, wanasema maisha magumu, magumu yapi? Mtu ana friji, ana TV ya ukutani, maji ya moto yanatoka bombani, mtoto anasoma bure, akiumwa anatibiwa bure, huo sio umaskini bwana, ni ubaguzi tu wameutafutia jina zuri. Nikacheka, maana hata mimi mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilikuwa naongea hivohivo.

Nakaa Stoke-on-Trent, mji wa vyombo, zamani sahani na vikombe vya hapa vilikuwa vinaenda dunia nzima na chini ya ardhi kulikuwa na makaa ya mawe. Migodi ilishafungwa, viwanda vilivyobaki ni vya kuhesabu. Jirani yangu ni bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, alianza kuchora maua kwenye vikombe ana miaka 15. Siku ya kwanza kuja kwangu nilimtengea chai, kabla sijamwekea keki kaichukua sahani kaigeuza aone muhuri wa chini, wazee wa huku wana hiyo tabia hata wakiwa hotelini. China. Hakusema kitu, kairudisha mezani akaomba sukari.

Bibi ana mita ya kulipia kabla, we fikiria LUKU, ila hii hata usipowasha kitu inakula, kuna tozo ya kila siku ya kuunganishwa tu, umeme na gesi ukijumlisha inakaribia pauni moja kwa siku. Majira ya baridi alilazwa wiki tatu, karudi nyumba kama jokofu, akanipa kadi nimwekee gesi ya pauni 10 dukani, kuichomeka tu kwenye mita pauni sita na ushee zimekwenda palepale kulipia tozo ya gesi peke yake ya siku ambazo hata nyumbani hakuwepo. Sasa mwambie huyo ana bahati ana friji.

Ndo maana huku umaskini hawaupimi kwa vitu. Wanazipanga kaya zote kwa kipato toka ya chini hadi ya juu, wanasimama kwenye ile ya katikati kabisa, halafu yeyote aliye chini ya asilimia 60 ya hapo ni maskini. Kwa takwimu za serikali za 2023/24, ukishatoa gharama za nyumba, hao ni watu zaidi ya milioni 14, watoto peke yao kama milioni 4.5. Kipimo chenyewe kina kasoro na hapo rafiki yangu ana pointi, baada ya mdororo wa 2008 umaskini wa aina hii ulishuka kwenye karatasi, sio kwamba maskini walipata bali wa katikati ndo waliporomoka. Lakini huwezi kununua mkate wa Stoke kwa bei ya Tanga. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, haujaonekana hivyo kwa miaka 41, na Machi 2023 vyakula vilikuwa vimepanda kwa asilimia 19 kwa mwaka mmoja.

Sasa angalia kilichotokea kipindi hichohicho. Februari 2022 serikali ikafungua viza za kea, kazi ya kuhudumia wazee, maana England peke yake ilikuwa na nafasi kama 165,000 hazina watu. Wageni wakaja, wengi na familia zao, ukijumlisha na wanafunzi na watu wa Ukraine na Hong Kong, mwaka ulioishia katikati ya 2023 walioingia waliwazidi walioondoka kwa zaidi ya 900,000. Na waliofungua mlango huo ni wale wale wanasiasa walioomba kura ya Brexit ya 2016, ya kutoka Umoja wa Ulaya, kwa kuahidi idadi itapungua. Mtu wa Stoke, ambako karibu asilimia 70 walipiga kura ya kutoka, akiona ametapeliwa mimi simlaumu.

Anachosema yeye kina ukweli ambao sisi wageni hatupendi kuusikia. Kazi ya kea ilikosa watu kwa sababu mshahara ni mdogo, na badala ya kuupandisha bosi akapewa mlango wa kuleta watu kutoka mbali, watu ambao viza yao imefungwa kwa bosi huyohuyo, thubutu kulalamika. Tumewaona wenzetu waliouza shamba kulipa wakala, wakafika wakakuta shifti mbili kwa wiki. Halafu wanaoomba hifadhi, tangu mwaka 2000 serikali inawasambaza sehemu zenye nyumba za bei rahisi, yaani Stoke, Middlesbrough, Hull, sio mitaa ya matajiri wa London. Faida ya mgeni inagawanywa nchi nzima ila foleni ya daktari inakaa mtaa mmoja, na huo mtaa ni wa maskini kila mara.

Upande wa pili nao una hesabu zake. Kamati inayoishauri serikali kuhusu uhamiaji ilichunguza wageni wa Ulaya mwaka 2018, ikakuta mishahara ya wenyeji kwa wastani haikuguswa au iliguswa kidogo sana, wa chini kabisa ndo waliumia na sio sana, ingawa bei za nyumba ilionekana wageni wanazisukuma juu. Ofisi ya bajeti mwaka 2024 ikasema mgeni wa mshahara wa kati anaiingizia serikali zaidi ya anachotumia, wa mshahara mdogo ni hasara, hivyo inategemea unamzungumzia nani. Mwenye viza ya kawaida analipa pauni 1,035 kila mwaka kwa ajili ya matibabu juu ya kodi anayokatwa, na ruzuku haruhusiwi kugusa. Yule wa hotelini anayesemwa anakula bata? Mwaka 2025 alikuwa anapewa pauni 9.95 kwa wiki. Na nyumba ambazo bibi anasema wamepewa wageni, nyingi zilishauzwa, tangu sheria ya waziri mkuu Thatcher ya 1980 ya kuwauzia wapangaji nyumba za halmashauri zimeuzwa karibu milioni 2 na za kufidia hazikujengwa za kutosha, leo England kaya kama milioni 1.3 zipo kwenye foleni.

Kuchoma hoteli watu wakiwa ndani kama walivyojaribu karibu na Rotherham Agosti 2024, hilo halina upande wa pili.

Halafu kuna kichekesho kinachotuhusu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije, mji umejaa. Walikuja, na maduka waliyofungua yako pale mpaka leo. Miaka 50 baadaye waziri mkuu aliyeapa kuzuia maboti ya wahamiaji alikuwa Rishi Sunak, baba yake kazaliwa Kenya, mama Tanganyika.

Bibi anasema safari hii kura anampa Farage, yule mwanasiasa wa kupinga wahamiaji. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema sio nyie duck, duck yaani bata ndo wanavyoitana huku kwa mapenzi, sio nyie mnaofanya kazi, ni wale wengine. Nimejaribu kumuuliza wale wengine ni wakina nani, kila siku ananipa jibu tofauti.

Mlango wa kea toka nje umefungwa Julai 2025, na ile tofauti ya wanaoingia na wanaotoka, kwa mwaka ulioishia Juni 2025, ilikuwa imeshuka mpaka karibu 200,000. Pango la mtaani kwetu halijashuka hata pauni. Bibi anasema subiri, waliokuja wote bado wapo. Inawezekana. Juzi kanipa tena kadi ya gesi.