Wazee Sita wa Mwakirunge

Mombasa unaweza kusimamisha kamera mbele ya mapembe ya ndovu pale Moi Avenue kutwa nzima, asikuulize mtu, ila wale vijana wa picha za papo kwa papo wanaokuona umewaingilia riziki. Lakini hebu nenda na stendi ya miguu mitatu shambani Mwakirunge.

Mteja wangu alikuwa na ukuta wa mita tatu na hakutaka bahari. Bahari ishamkinai, alisema, anaiona kila siku akipanda feri. Alitaka mashamba. Sasa kamera yangu ni ya megapikseli 24, upana wa picha yake ni pikseli 6,000, na ukiivuta picha hiyo ijaze ukuta ule, minazi inageuka ukungu. Dawa yake ni kupiga vipande. Unaisimamisha kamera wima, unapiga, unaigeuza kidogo kulia, unapiga tena, kila kipande kikirudia theluthi hivi ya kilichotangulia, kisha kompyuta inaviunga viwe picha moja ndefu.

Ukitaja Mwakirunge, mtu wa kisiwani hufikiria jaa la taka. Sikatai, liko. Lakini lipite, uone mahindi na mihogo na minazi mpaka macho yachoke. Ilikuwa Juni, mahindi yamefika kifuani, na kusi inavuma, na kusi kwa mpiga vipande ni mtihani. Mawingu yanakimbia, jua linawaka na kuzimika, makuti hayatulii, na kompyuta ikiukuta mnazi ule ule umeinama huku kipande hiki na kule kipande kile, inakupa mnazi wenye vichwa viwili. Basi unafunga kila kitu kwa mkono, mwanga, fokasi na rangi. Wingu likipita unangoja, jua likirudi unabonyeza, na huondoki hapo. Kamera nayo nilikuwa nimeirudisha nyuma kwenye reli yake ili izungukie kwenye lenzi. Ikizungukia tumboni, mkorosho wa karibu unahama mbele ya minazi ya mbali na viungo havikutani.

Jua la saa nne likapiga kwenye kioo, sioni kitu. Nikatoa leso ya mama niliyokuwa nimefungia lenzi, nikajitanda, mimi na kamera ndani.

Tazama hayo sasa kwa macho ya mzee aliyekaa chini ya mwembe wake, upande wa kushoto wa shamba. Anamwona mtu asiyemjua ametua na boda boda, ameshindilia miguu mitatu ardhini, ameinamia pima maji. Anazungusha kidogo, anasimama. Anazungusha, anasimama. Huku Pwani, hiyo si ishara njema. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wa maili kumi wajitokeze kudai ardhi zao na kuzisajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi vijijini hawakudai, na wajukuu wao mpaka leo wanaitwa maskwota, wakaaji wasio na hati, chini ya minazi waliyopanda babu zao. Mtoto wa huku anaijua miguu mitatu ya sarveya, mpima ardhi, kabla hajajua kusoma. Nyuma yake huja bikoni, vigingi vya mipaka, na nyuma ya bikoni huja tingatinga.

Mzee akainuka.

Mimi sina habari, nimo ndani ya leso, jicho kwenye pima maji. Nageuza, nangoja wingu, nabonyeza. Nikasikia kishindo kwenye mabua makavu, nikajua ni ng'ombe. Kipande cha mwisho sikukiwahi.

"Wapima nini?"

Nikafunua leso. "Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Mzee asipoitikia shikamoo, jua umekwisha.

"Nakuuliza, wapima nini?"

"Sipimi, babu. Napiga picha."

"Waipiga picha ardhi? Imekuchekea?"

Watu wakaanza kukusanyika, wanawake na majembe yao, watoto, na yule kijana wa boda boda aliyenileta, ambaye niliwahi kumtolea macho ya kuomba msaada. "Mimi simjui," akasema. "Nimembeba tu."

"Na hizi namba?" Mzee akakita kidole kwenye kichwa cha stendi.

"Ni nyuzi, babu. Zanionyesha nigeuze kiasi gani."

Jibu hilo halikunisaidia hata kidogo. Na bado mjukuu wake, mtoto wa shule aliyekuwa amenishika leso kwa upindo, akaona ndio wakati wa kuonyesha elimu. Akasoma kwa sauti: "Mla cha mwenziwe na chake huliwa."

Kimya.

"Yaani umekuja kunipimia shamba," mzee akasema polepole, "na umeniletea na salamu."

"Leso ni ya mama, babu!"

"Kumbe mamako naye yumo?"

Stendi ikachukuliwa, ikalazwa chini ya mwembe kama mgonjwa, na mimi nikakalishwa kando yake tumsubiri mzee wa kijiji. Nikawaonyesha picha kwenye kamera, vijipicha vyenyewe vidogo na jua limevipiga. Mahindi, mnazi, mahindi. "Huyu arekodi mipaka," mama mmoja akatoa hukumu. Ikabidi nitoe kompyuta mkobani niiunge picha palepale. Natumia Hugin, programu ya bure. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta alama zinazofanana kati ya kipande na kipande, nayo haina haraka, hata ukiwa umezungukwa na majembe. Kijiji kizima kimeinama juu ya bega langu. Mtu ananipumulia tumbaku sikioni.

Picha ikatokea, shamba lote kasoro kile kipande cha mwisho. Na mzee, kwa kuwa alikuwa amefuata kijia kutoka kushoto kwenda kulia sambamba na kamera yangu, akatokea mara sita.

Wa kwanza yuko chini ya mwembe, mdogo, amekaa. Wa pili amesimama anafunga kikoi. Wa tatu ni kichwa tu juu ya mahindi. Wa nne ana panga ambalo wa tatu hana. Wa tano anakimbia, na nyuma yake kuna miguu ya mjukuu isiyo na kiwiliwili, kwa sababu mkato wa viungo ulipita kiunoni. Wa sita amejaza kona yote ya kulia, mdomo wazi, jino moja la juu halipo.

Aliyevunja kimya ni mkewe. "Sita!" akapiga makofi. "Mmoja amenishinda, sita nitawapikia nini!"

Wakacheka mpaka majembe yakalazwa chini. Nikawahi kusema, kabla upepo haujageuka, kwamba wote wanafutika, shamba libaki peke yake.

"Umfute nani?" Mzee akavuta kigoda karibu na kioo, akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja. "Waache. Na mimi nitolee yangu, kubwa. Sarveya wa kweli akija, nataka aone tuko wangapi." Akainama zaidi, akamgusa yule wa kulia. "Ila huyu wa mwisho mfunge mdomo."