Sabaya alishinda kesi, lakini kiti cha DC hakijajadiliwa

Ubishi kuhusu Lengai ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya (DC) ya Hai mkoani Kilimanjaro, huishia palepale. Mmoja atasema huyu alihukumiwa miaka 30 jela, mwenzake atajibu kwamba mahakama ilimwachia huru. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanamjadili mtu huku kiti alichokalia kikiachwa kando.

Sabaya alianzia kwenye kura. Alikuwa diwani wa Sambasha mkoani Arusha na kiongozi wa UVCCM, jumuiya ya vijana ya chama tawala CCM, kabla Rais Magufuli hajamteua, Julai 2018, kuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai. Hai wakati huo lilikuwa jimbo la Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, kwa hiyo hakuna aliyedhani kijana yule amepelekwa kule kupumzika.

Waliompenda wasibezwe. Mwananchi ambaye faili lake la ardhi limelala ofisini miaka akimwona DC anafika mwenyewe, anamsimamisha tajiri mbele ya watu na kutoa uamuzi papo hapo, lazima apige makofi. Hata mimi ningepiga. Tena mtindo ule haukuwa wa Sabaya peke yake. Awamu ya tano, yaani serikali ya Magufuli, iliusifu na kuulea.

Ila uamuzi wa papo hapo hauna rufaa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Ilikusudiwa kulinda amani pale hatari inaponukia, lakini ma-DC wengi wameitumia kama fimbo ya kunyamazishia wabishi. Diwani akikukera unamsubiri kwenye uchaguzi. DC hana uchaguzi wa kumsubiri, anamtazama aliyemteua tu.

Ndiyo maana kesi ya Arusha, ile ya miaka 30, ina uzito kuliko hukumu zake. Tukio lililolalamikiwa, la Februari 2021, lilitokea dukani katikati ya jiji la Arusha, nje kabisa ya Hai, na miongoni mwa waliotajwa kuibiwa alikuwemo diwani. Sabaya alijitetea kwamba alikuwa akitekeleza maagizo ya mamlaka iliyomteua. Wakati anajitetea, Magufuli alikuwa ameshafariki, na Rais Samia alikuwa amemsimamisha kazi tangu Mei.

Yaliyofuata yanajulikana. Oktoba 2021 alitiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2022 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo, na Novemba 2023 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP). Katika shauri jingine, mjini Moshi, alifikia makubaliano na upande wa mashtaka Oktoba 2022, akakiri makosa na kuachiwa kwa masharti. Wapambe wake huiruka hii ya Moshi, kama wapinzani wake wanavyoiruka ile ya Mahakama ya Rufani.

Kwa unyang'anyi wa Arusha, basi, hana hatia, na anayeendelea kumwita jambazi anakosea. Lakini majaji walikuwa wanapima ushahidi wa jinai. Kama mkuu wa wilaya anaweza kutumwa kufanya operesheni kwenye wilaya ya mwenzake, na nani awajibike mambo yakiharibika, ni swali la Bunge, nalo ndilo lenye uwezo wa kukigusa kile kipengele cha saa 48.